Kwenda Kuhesabiwa: Mwongozo wa Msafiri wa Desemba

Serikali ilihesabu watu mara ya mwisho Agosti 2022, na kwa utaratibu wake hairudii mpaka ipite miaka kumi. Kilimanjaro hatuna subira hiyo. Sensa yetu ni ya kila Desemba, makarani wake ni mashangazi waliokaa kwenye benchi nje ya kanisa baada ya ibada, na dodoso lao lina maswali matatu tu: umekuja na gari gani, umekuja na nani, umemletea nini mama yako. Mambo ya elimu na ajira wanayakisia wenyewe kutokana na majibu hayo.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetoka Dar es Salaam na gari dogo kwenda Machame, Kibosho, Marangu, Rombo au popote kilipo kihamba chao, yaani shamba la ukoo. Barabara ya kufika Moshi ni kilomita 550 na ushee, lami mwanzo mwisho, na hiyo ndiyo sehemu nyepesi. Wanaopanda basi, au treni ile iliyorudi Desemba 2019 baada ya kupotea miaka mingi, wanisamehe. Wao watafika wamelala vizuri, lakini tiketi haipaki uani kwa mama ikaonekana na majirani.

Tuanze na gari. Kama huna, kodi, na ukikodi chagua lenye vioo vya tinti. Kaa nalo siku mbili tatu kabla ya safari mzoeane, kwa sababu hakuna aibu inayozidi ile ya mtu anayetafuta swichi ya wipa kwenye gari “lake” huku baba mkwe ameketi pembeni na mvua inanyesha. Kama unalo la kwako, basi lifanyie sevisi ya Desemba, ambayo ina mpangilio wake. Kwanza unaliosha, injini pamoja. Pili unanunua kapeti mpya za miguuni, pafyumu ya kuning’iniza kwenye kioo, na rimu kama mfuko bado unapumua. Tatu, jioni ya kuamkia safari, saa kumi na mbili na nusu, giza likiingia, unampitia fundi.

Fundi atakuja anafuta mikono kwa kipande cha fulana ambacho ni kichafu kuliko mikono. Atafungua boneti, atakwambia, “Piga resi,” nawe utapiga. Atainamisha kichwa upande, asikilize. Atachomoa kijiti cha oili, akipanguse, akirudishe, akitoe tena, akitazame kwa tochi ya simu. Kisha atauliza, “Bosi, unaenda nayo wapi?” Ukimjibu Moshi, atafunga boneti kwa kishindo na kusema, “Moshi? Hii mpaka Tunduma inafika.” Hicho ndicho cheti chako cha ubora. Tunduma iko upande mwingine kabisa wa nchi, mpakani na Zambia, lakini si adabu kubishana na mtaalamu. Mpe hela yake uende.

Matairi nakushauri usiyatazame. Ukiyatazama kwa makini utaona ubavuni kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kilichobanwa. Mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa. Ukikuta 1114, utajua tairi hilo lilitoka kiwandani Machi 2014, na kwamba limekula chumvi kuliko watoto wote uliowapakia kiti cha nyuma. Maarifa ya namna hii yanaharibu usingizi na bajeti. Hela ya matairi manne imeshakwenda kwenye sare ya ukoo, kitenge cha rangi ya maziwa chenye maua ya zambarau, na fundi cherehani harudishi.

Tairi la akiba hakikisha lipo. Kama lina upepo hiyo ni mada nyingine, nayo utaisoma Mbwewe, saa saba mchana, utakapogundua kwamba liko chini ya sakafu ya buti, na juu yake kuna kilo 50 za mchele, dumu la mafuta ya kula la lita 20, magodoro mawili yaliyokunjwa na nazi zisizo na idadi. Vyote hivyo vitashushwa na kupangwa pembezoni mwa barabara. Watoto wa pale watakuja kukaa kwenye gunia wakuangalie. Mmoja atakuuliza kama nazi zinauzwa.

Pembetatu na mtungi wa kuzimia moto nunua, maana askari ataviulizia. Lakini usivifungue plastiki yake; viwe vipya daima. Gari likiharibika fuata mila ya wenye malori: kata matawi ya mti, yatandaze lami nyuma ya gari, na ukishatengeneza ondoka uyaache palepale, ili wanaokuja usiku nao wapate jambo la kufikiria.

Sasa mzigo. Hapa ndipo moyo wa safari ulipo, na hapa ndipo akili ya kawaida inapowekwa kando. Sheria ya kwanza ni kwamba kila unachopeleka kinapatikana kule. Sukari, kwa mfano, inatengenezwa TPC, kusini tu mwa mji wa Moshi, kwenye mashamba ya miwa unayoyaona kwa mbali ukiwa juu mlimani. Hiyo uliyobeba kutoka Kariakoo inawezekana ilikuja Dar kwa lori mwezi uliopita, na sasa unairudisha kwao. Nayo inakwenda kuhesabiwa. Mchele unalimwa Mabogini, hapohapo Moshi Vijijini. Sabuni ya miche, mafuta, ngano, mashuka, vyote vimejaa soko la Mbuyuni, kwa wenye maduka ambao ni binamu zako. Lakini ukimwambia mama, “Nimekutumia hela ununue huko,” atasema “aika, mwanangu,” atapokea, na kesho yake atakaa kimya kanisani wakati wenzake wanataja walicholetewa. Hela haina mlio inaposhushwa kwenye gari. Gunia linao.

Kwa hiyo pakia. Tanguliza vizito, vya kuonekana viwe juu. Blanketi jipya lisiwekwe ndani ya begi. Liwekwe kwenye kioo cha nyuma, na mfuko wake wa zipu, upande wenye picha ya chui ukitazama nje. Kwamba dereva haoni nyuma ni gharama ndogo. Nazi zifunge kwenye mfuko wa salfeti la sivyo zitabingirika kila tuta, na matuta ni mengi.

Acha nafasi ya vifurushi vya watu. Ukishatangaza kwenye kundi la ukoo la WhatsApp kwamba unaondoka tarehe 22, hata usipotangaza, watakuja. “Kijizigo kidogo tu, cha kushika mkononi.” Kinakuja na bodaboda mbili. Ni boksi la katoni lililozungushiwa selotepu mpaka rangi yake imepotea, juu yake limeandikwa kwa kalamu nene: MAMA, KIBOSHO, KWA MKONO. Kibosho ipi? Kirima? Kindi? Okaoni? Umbwe? “Ukifika we uliza tu, wanamjua.” Namba ya simu utapewa, na itakuwa haipatikani mpaka Januari.

Halafu kuna wa lifti. Huyu hana shida, ni mwembamba, anashuka “hapo hapo Himo”. Ataleta begi, ndoo yenye mfuniko, na mke. Mpokee. Swali la pili la dodoso ni umekuja na nani, na gari lililojaa linajibu vizuri zaidi, hata kama makalio yake yamegusa lami. Ila kumbuka itifaki ya viti: mama mkwe akiwemo anakaa mbele, na akikaa mbele redio ni ya kwaya. Pambio moja litapigwa kuanzia Kibaha. Usiulize kama kuna jingine.

Muda wa kuondoka ni saa kumi alfajiri. Hilo wote mnakubaliana jioni, kwa sauti moja. Saa kumi mnaamka kweli. Saa kumi na moja mtoto anakosa kiatu. Saa kumi na mbili wa lifti anasema yuko njiani, ana dakika tano. Saa moja mnarudi kuangalia kama jiko la gesi limezimwa. Saa mbili na robo mnatoka, mkiwa na furaha ya watu waliowahi. Dereva, kwa mujibu wa mila, hakulala. Alikuwa anapakia mpaka saa saba usiku, kisha akawa anafikiria. Dawa ya usingizi wa barabarani inajulikana tangu zamani, nayo ni kulala kitandani, lakini haina heshima, kwa hiyo nunua kinywaji cha kuongeza nguvu, bigijii pakiti mbili, na mtu wa kukaa pembeni aliyeapa kukuongelesha. Mtu huyo atakuwa amelala kabla ya Mlandizi.

Kutoka Dar kuna njia mbili. Ya kwanza ni ya Morogoro Road: unapita stendi ya Magufuli pale Mbezi, njia nane zinakupa matumaini makubwa, zinaisha Kibaha, na kuanzia hapo unakwenda kwa miguu ya wengine mpaka Chalinze, ambako unakunja kulia. Ya pili ni ya siri. Unapita Bagamoyo, unachukua lami ya kilomita 64 mpaka Msata, unaibukia mbele ya Chalinze ukiwa umewaacha wajinga kwenye foleni. Siri hii utaambiwa na shemeji, na kaka wa kazini, na muuza chipsi. Mkifika Kiwangwa mtakutana wote, mtashuka kwenye magari kunyoosha miguu, mtanunua mananasi, na kuambiana kuwa leo njia hii imejaa kwa sababu ambazo hazieleweki.

Wazee watakusimulia daraja la Wami, lile la zamani la njia moja, ambapo lori likishuka vibaya Krismasi ililiwa porini. Tangu 2022 kuna daraja jipya, refu zaidi ya mita 500, magari yanapishana, na safari imepoteza hadithi yake nzuri kuliko zote. Pita taratibu uwaoneshe watoto lile la zamani. Ni urithi.

Kuhusu mwendo, jifunze kusoma barabara. Kibao cha 50 kinaanza pale penye nyumba mbili na mbuzi, na kibao cha kukifuta kimekaa mbali kidogo kuliko unavyodhani. Katikati yake, kivulini chini ya mwarobaini, kuna askari na tochi, na si ile ya kumulikia. Yeye hakusimamishi. Anakupiga picha tu, anaituma, na kilomita moja mbele mwenzake mwenye nguo nyeupe nadhifu anakusubiri na sura ya gari lako kwenye simu, 67 imeandikwa juu yake. Faini utalipa. Usimtaje mjomba wako aliyeko makao makuu. Kila mtu ana mjomba huko, ndiyo maana hafanyi kazi nyingine ila kupokea simu. Wanaotoka mbele watakuwashia taa kukutahadharisha, nawe ukishapita washie wanaokuja. Ni huduma ya jamii pekee ambayo Watanzania wote tunaitoa bila kuchangishwa, na mtu anayekwambia inawasaidia pia wanaokimbia kupita kiasi na walevi ana hoja, ila mwambie baada ya sikukuu.

Mstari usiokatika katikati ya lami una maana kwamba mwenye V8 anapita. Wewe mwenye gari lililokaa kitako na watu saba, subiri. Hili nalisema bila kejeli yoyote. Kila Desemba kuna familia inayofika kijijini imefunikwa shuka, na mara nyingi chanzo ni mtu aliyekuwa anawahi foleni ambayo ingemsubiri.

Tuendelee. Chakula cha njiani ni kuku wa kukaanga kwenye hotpoti, chapati, karanga, na mayai ya kuchemsha. Kwa mayai kuna kanuni moja, nayo ni kwamba yafunguliwe vioo vikiwa wazi. Wengine wanasubiri AC iwashwe. Ukikosa vya kubeba, barabara itakulisha: Chalinze kuna korosho zinazoingizwa dirishani kabla hujasimama, Michungwani jina linajieleza, na Mombo kuna matunda ya Lushoto, yaliyopangwa kwenye beseni, makubwa juu na madogo chini. Ya juu ni ya kuangalia.

Kuchimba dawa ni suala linalohitaji uongozi. Simamisha mahali pamoja, wanaume kushoto, wanawake kulia au chooni kwa kulipia, watoto popote. Atakayesema “mimi bado” ndiye atakayeomba usimame dakika kumi baadaye, kati ya Mkomazi na Buiko, ambako hakuna mti wa kumsitiri hata sungura.

Maana ukishaacha mashamba ya mkonge ya Korogwe na Mombo, unaingia nchi ya joto. Hedaru, Makanya mpaka Same, milima ya Upare iko kulia imevaa kijani chake cha juu, na wewe uko chini kwenye vumbi unapikwa. Hapa ndipo gari la cheti cha Tunduma linapopandisha mshale. Ukiona moshi, simama, zima, kaa kivulini kama kipo. Usifungue kifuniko cha rejeta ikiwa ya moto. Hili fundi hakukwambia kwa sababu alikuwa anasikiliza. Tumia muda huo kuzungumza na mama mkwe. Mna mengi.

Baada ya Mwanga watoto wataanza kuuliza mlima uko wapi. Waoneshe mawingu uwaambie uko humo ndani, mita 5,895. Wataamini au hawataamini, lakini asubuhi na mapema kesho utajitokeza wenyewe nyuma ya migomba bila kuombwa, na hakuna atakayekuwa macho kuuona.

Himo ndiyo kituo muhimu kuliko vyote katika mwongozo huu. Kwa aendaye Marangu au Rombo ndio mlango. Wa Machame na Kibosho watapata pa kwao Moshi mjini. Usipande mlimani na vumbi la Upare. Tafuta wanaoosha magari, jiunge na foleni ya magari ya namba za Dar, na wakati linaoshwa badilisha nguo: suruali iliyopigwa pasi ambayo umeining’iniza tangu alfajiri, raba nyeupe, miwani. Watoto wafutwe mafuta ya kuku mdomoni. Wakumbushe salamu, ukitoka upande wa Vunjo “shimbonyi” moja iliyotamkwa vizuri na mtoto aliyezaliwa Sinza ina thamani ya gunia zima. Pitia na wakala utoe hela hapahapa, noti za elfu mbili na elfu tano nyingi, kwa sababu wakala wa kijijini tarehe 23 floti yake imeisha na amefunga amekwenda kuhesabiwa kwao.

Halafu panda. Umejiandaa kwa kilomita 550 na umezimaliza. Zimebaki tatu, kutoka lami hadi nyumbani, na kwa hizo hukujiandaa. Mvua za vuli zimenyesha, udongo mwekundu umelainika, na kilima cha mwisho kabla ya geti kina mtelezo uliomshinda hata babu na punda wake. Gari litapanda nusu, litafikiri, litarudi kinyumenyume na kukaa mtaroni ubavu mmoja, blanketi la chui likiangalia mbinguni. Vijana watatoka migombani bila kuitwa. Wamekaa hapo tangu asubuhi, wewe ni wa sita. Patana bei kwanza. Kisha shuka usukume, raba nyeupe na yote, huku mashangazi wakitazama kutoka juu wamekunja mikono. Gambuti ulizoziacha Dar kwa sababu zilikuwa zinaharibu mwonekano wa buti zingefaa sasa hivi, lakini usiwaambie watoto.

Ya kule juu siyaandikii mwongozo. Ndafu, kisusio, kikao cha ukoo cha tarehe 26, mchango wa kujengea makaburi, mgogoro wa mpaka wa kihamba ulioanza kabla ya uhuru: hivyo vina wenyewe, na ukikaa pembeni na bakuli la mtori havikudhuru.

Kurudi, usipange chochote. Buti uliyoitoa mizigo yote usiku wa kuamkia safari itakuwa imejaa tena asubuhi, na aliyeijaza ni mama, kwa tochi, na huwezi kuijadili. Mikungu miwili ya ndizi, ukisema ndizi zipo Mabibo utakuwa umetukana. Maparachichi mabichi yatakayoiva yote siku moja. Kuku hai mwenye miguu iliyofungwa. Viazi vikuu. Na dumu la mbege la kumpelekea jirani yako wa Dar ambaye hajawahi kuiomba.

Hilo dumu ndilo la kuangalia. Mbege ni pombe ya ndizi mbivu na kimea cha ulezi, na kufungiwa kifuniko hakuizuii kuendelea kuchachuka. Inachachuka njia nzima, na joto la Upare linaichochea. Usilijaze mpaka shingoni, lisimamishe wima, legeza kifuniko kila mkishuka kuchimba dawa, na kwa namna yoyote lisikae nyuma ya kiti cha mama mkwe. Likifumuka kati ya Makanya na Hedaru, kwaya ikiwa inaendelea, hakuna maelezo utakayompa askari wa tochi kuhusu harufu ya gari hilo akayaelewa, hata kipima ulevi chake kikisoma sifuri.